Senti Kumi ya Mzee Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitale, Fundi Saa hakunipa sarafu hata moja. Alinipa kipande cha sabuni. "Nawa mikono, kisha ukae dirishani uangalie yangu." Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikavuna mahindi Saboti, nikapakia maziwa Endebess, na hakuna mahali nilipomaliza mwaka. Dukani kwake niliingia kuuliza saa tu. Nikabaki kwa sababu ya lenzi. Chini ya lenzi ile, senti niliyozoea kununulia mandazi ilikuwa na milima na mabonde.

Fundi Saa alitengeneza saa, lakini wakusanyaji wa sarafu za zamani walimjua kwa kazi nyingine: kutambua sarafu pacha. Sarafu hupigwa kwa chapa, yaani chuma kigumu kilichochorwa maandishi kinyume. Zamani chapa yenyewe ilitengenezwa kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja. Ikisogea kidogo katikati ya kazi, herufi hujirudia, na kila sarafu inayopigwa kwa chapa hiyo huzaliwa na herufi mbilimbili. Sarafu iliyolika mikononi mwa watu huweza kukudanganya, maana herufi zake hulala na kutanuka. Tofauti iko kwenye ncha. Ncha ya pacha imegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Ya iliyolika ni butu kama sabuni iliyotumika.

"Izungushe mara tatu kabla hujafungua mdomo," alikuwa akisema. "Mwanga wa upande mmoja ni shahidi mmoja."

Baadaye alinituma Bungoma, kwenye meza ndogo ndani ya duka la redio. Mwenye duka tulimwita Meneja. Yeye alinihimiza kinyume: "Sema haraka bana, wateja wasijazane mlangoni."

Hapo ndipo Mzee Wafula wa Kimilili alinijia na kaka yake, Mzee Wanyonyi. Alitoa kwenye mkebe wa ugoro senti kumi ya enzi ya ukoloni, ile yenye tundu katikati.

"Kijana, nilipewa hii nikikamua ng'ombe wa mzungu. Maandishi yake ni mawili mawili. Nikisema, watu wananicheka."

"Si kucheka tu," Wanyonyi akadakia. "Ukikosa usingizi, muulize Wafula habari ya senti yake. Utalala!"

Begi langu lilikuwa tayari chini ya meza. Nilikuwa nimesikia kwamba mkulima mmoja Endebess amefukua chungu cha sarafu, na moyo wangu ulikuwa umeshaondoka. Niliizungusha senti mara moja. Niliona imelika, na kweli ilikuwa imelika kwa kusuguana na mkebe. Nikaishia hapo.

"Imelika tu, Mzee."

"Hebu angalia tena hapo kwa R."

"Nimeangalia."

Wanyonyi alipiga makofi. "Umesikia? Ati pacha! Nenda upigilie mabati!" Maana watu wa kwetu waliziweka senti zile za tundu chini ya kichwa cha msumari, paa lisivuje.

Mzee Wafula alifunga mkebe polepole, akanishukuru, akatoka. Huko Endebess sikukuta chungu wala sarafu.

Miaka ikapita. Macho ya Fundi Saa yalipofifia aliniita nirudi Kitale, na siku moja mteja akaleta senti kumi ambayo haikuwa imetumika sana. Mguu wa R ulikuwa umegawanyika. Nilikuwa nimeuona mguu ule Bungoma, kwenye senti ya Mzee Wafula. Kila sarafu hulika kivyake, lakini alama ya chapa hujirudia palepale. Ya Wafula ilikuwa imelika, na ilikuwa pacha.

Nilimweleza Fundi Saa. Akauliza, "Ya huyo mzee uliizungusha mara ngapi?" Nikainua kidole kimoja. "Basi nenda Kimilili."

Nilimkuta mkewe, Mama Nasimiyu, akipepeta maharagwe. Mzee alikuwa amefariki.

"Aliipigilia mwenyewe kwenye bati la jikoni, siku ileile mliyomrudisha," alisema. "Hakuitaja tena. Lakini watu walimwita Mzee Pacha, mpaka kanisani."

Nilipanda ngazi na lenzi. Sarafu iliyopigiliwa haizunguki; ilibidi nizunguke mimi. Nilihamisha ngazi mara tatu. Nyundo ilikuwa imeiacha R salama.

"Ni pacha, Mama. Niing'oe?"

"Iache, jiko litavuja. Na usiniambie mimi. Mimi nilimwamini." Alinyoosha ungo kuelekea kaburi kando ya migomba. "Mwambie yeye. Sema kwa sauti, Wanyonyi asikie kwake ng'ambo ya ua."

Siku hizi nimestaafu. Vijana hunitumia picha za sarafu kwenye simu, wakitaka jibu papo hapo. Nawaambia wazilete zenyewe, nizigeuze dirishani, nao hunung'unika kwamba mzee anachelewesha watu. Nawaacha wanung'unike. Niliwahi kusema haraka, na neno langu moja lilimfuata mtu aliyesema kweli mpaka alipozikwa.

Siku ile nilisimama mbele ya kaburi nikasema, "Mzee Wafula, maandishi yalikuwa mawili. Sikuangalia vizuri." Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ng'ambo ya ua, mtu aliyekuwa akipasua kuni aliacha kupasua.