Amplifaya ya Njeri

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya redio mjini Eldoret, Fundi Mkuu alinipa waya wa eriali niufungue mafundo. Nilikuwa nimeishia shule ya msingi. Niliandika polepole, na mtu akiniangalia mkono uligoma. Katika chumba cha nyuma Fundi Mkuu alikuwa na kituo chake cha redio ya ridhaa, yaani cha kuzungumza na wenzake wa mbali kwa leseni, bila biashara. Nilikitamani kiti cha chumba kile kuliko kitu chochote.

Miaka ikapita, akaajiriwa Njeri kutoka mji mdogo wa Ziwa. Mimi nilishikwa na haya mbele ya maikrofoni; yeye aliongea kama anayemwita jirani ng'ambo ya ua. Akapewa kiti. Mimi nikabaki na waya.

Vurugu za baada ya uchaguzi zilipoanza, kwao Njeri kulichomwa. Stima ikapotea, barabara zikafungwa kwa mawe, simu zikawa hazishiki. Tuliwasha redio kwa betri ya lori. Njeri alisoma majina ya waliofika salama kwenye kambi ya waliokimbia makwao, ili jamaa zao wa mbali wajue. Nguvu ya mawimbi yetu ilikuwa ndogo.

"Rudia," waliotusikia walimwambia. "Rudia jina."

Akarudia mpaka sauti ikakauka. Nami, nikishikilia nyaya kwenye betri, nilimwonea wivu hata hapo.

Amani iliporudi, Fundi Mkuu akasema atanunua amplifaya, kifaa cha kukuza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye eriali.

"Kila mtu achague yake," akasema. "Ile nitakayonunua, aliyeichagua atashika kituo nikistaafu."

Nilichagua ya valvu, zile taa za kioo zinazopashwa moto kwanza. Ina nguvu nyingi na huvumilia eriali mbaya. Njeri alichagua ya transista, vipande vidogo visivyohitaji kupashwa moto. Nguvu yake haikufika nusu ya yangu, lakini ilikubali betri za lori.

"Dada, hiyo ni ya watoto kuchezea," nikamwambia.

"Na yako ni jiko. Tutapika mandazi?"

Fundi Mkuu alicheka, kisha akanigeukia. "Kijana, stima ikipotea tena, hilo sanduku utaliwasha na nini? Maombi?"

Akanunua ya Njeri. Aliyeifunga ni mimi. Kila skrubu niliikaza kwa mkono huu. Siku ya kuijaribu, Mombasa walijibu mara moja: "Tunakupata vizuri, mama. Hakuna haja ya kurudia." Njeri akalia. Mimi nikatoka kukagua eriali ambayo haikuwa na shida yoyote.

Sasa nimestaafu, na vijana wa ufundi huniuliza wachague amplifaya gani. Nawaambia waanze kwa kufikiria stima watakayokuwa nayo siku mbaya. Wazo hilo ni la Njeri, na kila nikilitoa linanichoma. Jioni, hapa nyumbani Kiplombe, nafungua redio yangu ndogo na kumtafuta Njeri hewani, kwenye kituo alichoachiwa na Fundi Mkuu. Natega sikio nimpate na kosa: mkwaruzo, mvumo, neno moja tu lililopinda.

Sijalipata bado. Kesho nitasikiliza tena.