Milaya za Scovia

Ukimwambia Scovia wa Hai Cinema kwamba nyumba yake ina kasoro, jiandae. Mdomo wake hauna breki, na sindano yake vilevile. Mtaani pale hakuna anayemshinda kudarizi milaya, zile shuka za maua na tausi ambazo wanawake wa Juba hutandika vitandani na kutundika ukutani wageni wakija. Kwake zilitundikwa mwaka mzima, kuta zote nne.

Sasa, mwanawe Lako, mtoto wa miaka minne, alikuwa anakohoa. Kikohozi gani hicho! Mvua zikianza tu, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani, mama anambeba mbio hadi kliniki. Akipewa dawa anapata nafuu, akirudi nyumbani ni yale yale. Scovia akaamua ni baridi. Akafunga madirisha, akaongeza milaya juu ya milaya, akafukiza na bakhuri. Maskini, kadiri alivyomkinga mtoto ndivyo alivyozidi kumbana pumzi.

Siku moja daktari, Victoria, akamuuliza kwa upole, "Mama Lako, nyumbani kuna kuvu ukutani?"

"Kuvu? Kwangu mimi? Daktari, kuta zangu zimevaa kuliko bibi harusi!"

Alifoka njia nzima. Nyumbani akamkuta mumewe Igga, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, anakula. "Eti mimi mchafu! Njoo uone mwenyewe, uwe shahidi!" Akaishika milaya ya tausi, akaivuta kwa nguvu.

Salaale! Ukuta ulikuwa mweusi tii kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, umeota manyoya, unanuka kama gunia la unga lililolowa. Na kitanda cha Lako kiliegemea hapohapo. Scovia alikaa chini akalia. Aliogopa kweli; aliona angeweza kumzika mwanawe huku watu wakimsifia maua.

Lakini Scovia si wa kulia sana. "Igga, weka chakula chini, twende!" Lako akapelekwa kulala kwa Safiyo, jirani yao Msomali mwenye duka la nguo. Nyuma ya ukuta wakakuta balaa lenyewe: maji ya bafu lao la mabati yalikuwa yanatuama palepale kila siku. Igga akahamisha bafu, akachimba mfereji. Scovia akajifunga kitambaa puani, akabandua plasta iliyooza, akasugua kwa sabuni, madirisha wazi, na huku anaimba! Majirani wakaja kuchungulia.

"Wewe Caroline, unacheka? Hebu funua kwako tuone!"

Caroline akafunua. Kicheko kikamwisha. Jumamosi ile nusu ya wanawake wa pale walitoa milaya nje, wakasugua kuta na kutaniana mpaka sauti zikawakauka.

Ukuta ulipokauka Lako akarudi, na mama mkwe, mamake Igga, naye akaja kuwatembelea kwa ndege kutoka Entebbe. Hapo Scovia roho ikamruka. Mkwe akikuta kuta tupu ni aibu. Watu husema nyumba haina mke. Mama mkwe akaingia, akazitazama kuta. Akafungua begi, akatoa milaya mpya aliyoidarizi kwa mkono wake.

"Igga, misumari iko wapi?"

Scovia alikuwa hajawahi kumpinga mkwewe hata siku moja. "Mama, nisamehe," alisema. "Ukutani hapana. Mtoto atakosa pumzi."

Igga, misumari tayari mkononi, akaangalia viatu vyake. Ndipo Lako akaingia mbio kutoka nje, anapiga kelele, "Haboba! Haboba!" akajitupa mapajani kwa bibi yake. Yule mama, aliyezoea kuisikia filimbi ya kifua kile hata kwenye simu, akamvua mtoto shati, akalaza sikio kifuani. Akasikiliza. Akamgeuza, akasikiliza na mgongoni.

"Igga, rudisha misumari," alisema. "Hii tutaitandika kitandani. Ukuta ukae uchi."