Alama Nyekundu Sitini na Tatu

Waliokuwepo Jumamosi hiyo ni hawa. Mimi, mkubwa wa nyumba, miaka ishirini na mitatu. Mdogo wangu wa kike, kumi na miwili, gredi ya sita. Mdogo wetu wa kiume, kumi, gredi ya nne. Pacha wawili wa mama wa mitumba, chumba namba nne, na msichana wa fundi wa mageti. Nje ya mlango alikuwa Koko, nyanya wa Kimaasai mwenye ploti ya vyumba tulivyopanga, akiwatupia kuku mahindi. Na ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye sufuria alikuwa mwalimu wa hesabu, na pamoja naye watoto wa nyumba nyingine ishirini na kitu ambao mpaka leo sijui sura zao.

Nawataja wote kwa sababu wote walisikia.

Niliacha shule darasa la sita, mwaka mama alipomfuata baba. Baada ya mazishi jamaa walikaa chini ya turubai wakatugawa. Wa kike aende Kajiado kwa mama mdogo, wa kiume abaki Makueni kwa mjomba, mimi nitafutiwe nyumba ya kuosha vyombo. Mjomba alipomshika mtoto mkono ili amwondoe mgongoni pangu, nilimuuma kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu. Alinizaba kofi, nikauma tena. Walisema nimeingiwa na pepo. Lakini hatukugawanywa. Nilirudi nao Kitengela, nikapata kazi ya kuosha matumbo kwenye kichinjio, na kwa miaka tisa tulikula sahani moja.

Sikuwalea kwa mdomo mtamu. Kichinjioni hakuna mtu anayeomba nafasi karibu na bomba la maji, unaichukua kwa kiwiko. Niliwahi kumwona mwanamke akikatwa kisu cha bega kwa sababu ya ndoo, na jioni waliondoka pamoja wakipiga stori. Nilirudi nyumbani na mikono ileile.

Kanisa letu lilipoandikisha watoto kwenye jukwaa la masomo la mtandao, sharti lilikuwa kila kikundi kiwe na mtu mzima wa kukisimamia. Katika ploti yetu simu yenye kioo kikubwa ilikuwa yangu, kwa hiyo nikawa mimi. Jumamosi mwalimu alifundisha moja kwa moja, nao wakamwona, kisha kila mtoto akajibu maswali machache ya kupimwa, yasiyo na alama. Siku nyingine, wakitoka shule, kila mtoto aliingia kwa jina lake, kwa zamu, akafanya maswali kumi na mawili. Ukipata, alama ya kijani. Ukikosa, nyekundu.

Watoto walianza kuniita ticha. Hakuna aliyeniuliza nilifika darasa gani.

Mama wa mitumba aliniletea pacha wake akasema, "Hawa wachape. Nyama ni yako, mifupa niachie." Tukacheka. Nilikuwa nimeshakata kipande cha paipu nyeusi ya maji, urefu wa mkono. Sheria yangu ilikuwa ile niliyoikuta shuleni: kosa moja, kiboko kimoja. Mwalimu wetu wa hesabu alitupiga kwenye ncha za vidole, tukiwa tumevikusanya kama mtu anayeshika chumvi. Jedwali la saba la kuzidisha nililijua nikiwa na vidole vilivyovimba, na sijalisahau mpaka leo. Kwa hiyo niliamini kiboko kinafundisha.

Maswali yenyewe sikuyaelewa. Ya mdogo wetu wa kiume niliweza kuyafuata kidogo. Ya mdogo wangu wa kike yalikuwa na sehemu juu ya sehemu, na herufi zilizokaa mahali pa namba. Lakini rangi niliijua. Kila jioni nilishika simu, nikahesabu nyekundu, nikaita jina.

Mdogo wetu wa kiume, ambaye bado alitumia vidole kujumlisha, alikuwa na kijani tupu. Nilimpikia yai. Dada yake alikuwa na nyekundu nne, siku nyingine tano, siku nyingine tatu.

"Hii maswali yangu ni ngumu," aliniambia siku ya kwanza.

"Ya mwenzako ni laini? Si ni simu moja?"

"Ni simu moja, lakini..."

"Leta mkono."

Hakuwa mtoto wa kulia. Alipigwa akiangalia ukuta, akasugua viganja kwenye sketi, akarudi kuketi. Kaka yake alimtania, "Mimi nakula yai, wewe unakula paipu," naye akamrushia ndala. Wiki ya pili viganja vilipasuka. Nilimpaka mafuta ya ng'ombe, na kesho yake nikampiga kwenye miguu. Niliona ni huruma.

Baada ya wiki tatu nyekundu zilipungua. Zikawa mbili, moja, halafu kijani tupu, siku baada ya siku. Nilimpikia yai naye. Nikawaambia wanawake kichinjioni kwamba nimepata dawa ya hesabu, na kwamba dawa yenyewe inauzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Jumamosi hiyo somo lilipoisha, watoto wa nyumba nyingine wakiwa bado mtandaoni, mwalimu aliniomba nibaki. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, sauti laini.

"Dada, hapo nyumbani kuna shida? Huyu msichana wako alikuwa amefika kazi ya gredi ya saba. Sasa ameshuka mpaka ya nne. Na anashuka makusudi. Naona hapa kwangu: kwenye maswali ya kupimwa anaandika jibu la kweli, anafuta, anaandika la uongo."

Nilisikia neno moja tu: makusudi.

"Ananidanganya?"

"Sijasema hivyo, dada. Nilikuwa nauliza kama..."

Niliilaza simu kifudifudi juu ya meza. Nilidhani hivyo nimemfungia mlango.

Nikachukua paipu. Mapacha walijua, wakapanda kitandani. Msichana wa fundi alijibana nyuma ya mtungi wa maji.

"Unafuta majibu?"

Aliangalia ukuta.

"Nakuuliza, unafuta?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Aliniangalia usoni. Nafikiri alikuwa amechoka kuuangalia ukuta. "Juu ukiona kijani, huchapi."

Alikuwa ameniambia ukweli wote kwa maneno manne. Na ndiyo maana nilimpiga vile sijawahi kumpiga mtu. Begani, mgongoni, shingoni. Alianguka kwenye beseni la vyombo, sahani zikavunjika, nikampiga akiwa juu ya vigae vya sahani. Kaka yake alinishika mguu, nikamsukuma kwa goti, akapasuka mdomo. Mdogo wangu aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa. Paipu ilitua juu ya vidole, na nikasikia mlio. Mtu anayefanya kazi kwenye kichinjio anaujua mlio wa mfupa.

Ukimya uliofuata ndio ulionifanya nisikie sauti nyingine. Simu ilikuwa inapiga kelele chini ya meza, ilikokuwa imedondoka. "Wacha! Dada, wacha! Huyo hajashindwa! Ukipata sawa inakupandisha, inakupa ngumu zaidi! Nyekundu ni za anayepanda! Dada!" Na nyuma yake watoto, watoto wengi, wakilia katika nyumba zao.

Koko aliingia na fimbo yake ya kuchungia. Hakuuliza kitu. Alinipiga mara moja mgongoni, mara ya pili kwenye mkono uliokuwa na paipu, mpaka nikaiachia. Ya tatu ilinipasua nyusi.

"Mimi sijasoma hata siku moja," alisema, akihema. "Wewe umesoma kidogo. Mtoto ndiye amesoma. Sasa nani anachapa nani juu ya hesabu?"

Kisha akainama, akamwambia, "Njoo, entito," yaani binti kwa Kimaasai, akamfunga vidole kwa kitambaa cha kichwani pake.

Hospitalini nesi alimuuliza msichana ameumiaje. Nilisimama karibu, nikitamani aseme ameanguka. Alisema, "Ni sista amenichapa juu ya hesabu." Nesi aliandika, akaniangalia ile damu iliyokuwa imekauka kwenye jicho, akaandika tena. Mfupa wa kidole cha kati ulikuwa umevunjika mahali pawili. Afisa wa watoto aliitwa. Sikukana kitu. Aliamua mdogo wangu wa kike akae kwa mama mdogo huko Kajiado, na kurudi kwake kutategemea yeye mwenyewe. "Si wewe utakayesema," aliniambia. "Ni yeye."

Hivyo nilimzuia mjomba kwa meno, lakini mkono wangu mwenyewe ndio uliotugawa, ukampeleka mtoto palepale walipotaka kumpeleka.

Pacha hawakurudi, wala msichana wa fundi. Mama wa mitumba, yule wa nyama na mifupa, alitema mate nilipopita mlangoni pake. Mdogo wetu wa kiume alibaki nami, lakini nikiinua mkono kuchukua mwiko, anainamisha kichwa.

Kila Jumapili nilienda Kajiado. Mama mdogo ni mpishi wa shule huko, anakaa nyuma ya soko la mifugo. Alinipa chai na hakunipa kiti. Msichana alikaa mlangoni, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta, akichora vumbi kwa mkono wa kushoto. Jumapili ya kwanza nilisema pole, akaingia ndani. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu nilipiga magoti mbele ya majirani, akasema, "Inuka, watu wanaona," akaingia ndani.

Jumapili ya nne aliuliza, "Umekuja na simu?"

Nikampa. Aliingia kwa jina lake, kwa mkono wa kushoto, polepole, akanionyesha ukurasa ambao sikuwahi kuujua. Jukwaa lilikuwa limehifadhi kila swali alilokosa, tangu siku ile ya kwanza ya paipu mpaka siku alipoanza kufuta.

"Hesabu," alisema.

Zilikuwa sitini na tatu.

"Hizo zote ulinichapa. Sitaki pole. Fanya wewe. Ukimaliza zote, nitarudi."

"Mimi niliacha darasa la sita. Wewe unajua."

"Hata mimi sikuwa nimefundishwa hizo. Ilikuwa imenipandisha tu."

"Na nikishindwa?"

"Hakuna mtu atakuchapa," akasema, na mama mdogo, aliyekuwa akisikiliza akichambua maharage, akainamisha kichwa kuficha uso.

Nilimpigia mwalimu. Sikutegemea apokee. Alipokea, akasema ananifungulia masomo ya gredi ya nne mpaka ya saba, niyaangalie kwa mpangilio, na kwamba hatanipa jibu hata moja. "Huyo mtoto ameniambia nisikupe," alisema. Kumbe walikuwa wanaongea.

Nasoma kichinjioni, saa ya mapumziko, nikiwa nimekaa juu ya kreti, simu ndani ya mfuko wa nailoni ili isishike mafuta. Wanawake wananicheka. "Ticha wa paipu amerudi nasari." Wacha wacheke. Swali la kwanza lilikuwa la tangi: linabeba lita mia mbili na arobaini, robo tatu imejaa, zikatolewa lita arobaini na tano, imebaki sehemu gani ya tangi? Siku mbili nilizunguka nalo. Nikapata mia moja thelathini na tano, nikaandika kwa furaha. Nyekundu. Hawakuuliza lita, waliuliza sehemu. Nilipoiona ile rangi, vidole vyangu vilijikusanya vyenyewe, kama vya mtu anayeshika chumvi. Mfupa wangu haukuvunjika. Lakini nilitaka kuirusha simu kwenye mtaro wa damu, na nikaelewa msichana alikuwa anarudi kuketi na nini kila jioni. Siku ya tatu niliandika tisa juu ya kumi na sita.

Mengine yalikuja haraka, mengine kwa wiki nzima. Mdogo wetu wa kiume hukaa karibu nikifanya, na siku moja aliniambia, bila kuinamisha kichwa, "Hapo ni kugawanya, umesahau kugeuza sehemu ya pili." Alikuwa sawa. Nikamuuliza kwa nini inageuzwa, hakujua, tukarudi kwenye somo, tukalisikiliza mara nne mpaka wote wawili tukajua.

Plasta imeshaondolewa. Kidole kimepona kikiwa kimepinda, na kalamu anaishika kwa vidole vingine. Hesabu anafanya, mwalimu ameniambia hivyo tu, hakuniambia amefika wapi.

Jumapili napeleka simu. Anakagua moja moja, ananirudishia. Nimemaliza arobaini na manne. Yamebaki kumi na tisa, mengi ni yale yenye herufi. La wiki hii linauliza umri wa mama na wa mtoto wake, jumla na tofauti, na nimelikosa mara tano.