Mamba Bafuni

Mwanangu alinipigia simu nikiwa Msambweni, nimekaa na mama yangu aliyelazwa hospitali. Yeye alikuwa peke yake nyumbani kwetu Ukunda, ndiyo kwanza ametoka shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Kuna mamba bafuni."

Nilikaribia kucheka. Mamba atoke mto Ramisi aje kuoga kwangu? Nikajua ni kenge, maana huja kutafuta mayai ya kuku.

"Chukua ufagio umfukuze," nikamwambia. "Hana neno huyo."

"Lakini mama, huyu hana miguu."

Nikakumbuka vile vitabu vyake vya Kiingereza. Humo mnyama wa mtoni ni aligeta, na mamba ni nyoka, yule ambaye akikuuma hupati hata nafasi ya kuomba maji. Nikapiga kelele, "Toka nje!" mpaka wagonjwa wakageuka, lakini simu ilikuwa imekatika. Nikampigia jirani akimbilie nyumbani, kisha njia nzima nikamlaani aliyenunua vitabu vile, na aliyevinunua ni mimi.

Nilimkuta mwanangu barazani kwa jirani, mzima, alhamdulillahi. Nyoka alikuwa amepitia dirishani akaenda zake. Jirani akanieleza kwamba alimkuta mtoto mlangoni pa bafu, ameinua ufagio, anatetemeka mwili mzima. Alipomvuta atoke, mtoto alimkatalia.

"Mama amesema hana neno."