Suti ya Kupeleka Voi

Safari ya kuteremka mlima tu, ambayo mtu huifanya asubuhi na kurudi jioni na sukari yake, ilinitesa kuliko harusi za watoto wetu wote. Sisi tunakaa juu, upande wa Wundanyi. Julai ikifika, ukungu huingia ndani bila hodi, na nguo hukaa kwenye kamba mpaka zikanuka uvundo. Mwaka jana baridi hiyo ilimlaza mume wangu hospitalini, kifua kimejaa, hawezi kumaliza sentensi. Daktari hakumficha. Alimwambia kipindi kingine cha baridi na moshi wa kuni huenda kisimwache salama, kwa hiyo ateremke Voi akae kwenye joto mpaka Septemba.

Pa kukaa tulikuwa napo. Nilipostaafu nilinunua zamu katika nyumba za likizo zilizoko nje kidogo ya Voi, zile ambazo nyumba moja ina wenyewe wengi, na kila mmoja ana wiki zake kila mwaka. Nyumba yenyewe ni kanyumba. Kuna chumba kimoja cha kulala, sebule ambayo watu wawili wakinyoosha miguu wanakanyagana, na jiko dogo la stima. Zamu yetu ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Kuirefusha ndiko kulikokaribia kunitia wazimu.

"Mama, hizo wiki za August ziko na wenyewe," msichana wa ofisini aliniambia kila nilipopiga simu.

"Si uwaulize kama tunaweza kubadilishana? Wachukue zetu za mwaka ujao."

"Sawa mama, nitawauliza."

Hakumuuliza mtu. Nilijua hivyo nilipochoka kungoja nikateremka mwenyewe, nikamtafuta mmoja wa hao wenyewe, bwana mwenye duka la mabati pale mjini. Alinikubalia kabla sijamaliza soda aliyonikaribisha. Mtu anaishi Voi, halafu ana nyumba ya likizo Voi! Sikumuuliza sababu, nisije nikaharibu.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamkuta mume wangu jikoni, katika moshi uleule aliokatazwa, anageuza mahindi ya mbegu. Huku kwetu mbegu hufungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto, moshi uzilinde na wadudu mpaka mvua za Oktoba.

"Tukienda, nani atazitilia moshi?" akaniuliza, hata pole ya safari hakunipa.

"Dada yako. Anakaa hapo chini, atakuja kuwasha moto."

"Dada yangu hajui kuni. Ataweka zile mbichi, mbegu zitoe jasho."

Basi ikawa ni kumfundisha dada. Kila siku aliitwa, wifi yangu maskini, mama mzima mwenye wajukuu. Akaonyeshwa kuni. Kesho yake akaonyeshwa mfereji unavyozibwa, halafu mpaka wetu na jirani, halafu mgomba upi ukatwe na upi uachwe. Wifi alizaliwa katika shamba hilo! Nilimwambia mume wangu kwamba tunaenda Voi, hatuhamii Ulaya, na mgomba hautamsahau. Alikohoa, akanipa mgongo.

Na mimi nilikuwa nafunga mizigo. Niliweka mashati ya mikono mifupi, kandambili, dawa zake, chandarua. Nikageuka kidogo, niliporudi nikakuta suti juu ya mashati. Ile nyeusi, aliyovaa mara ya mwisho binti yetu alipoolewa.

"Suti ya nini Voi, na lile joto?"

"Itafaa."

"Itafaa wapi? Kanisani kule hata mchungaji anavua koti!"

"Wewe iweke tu, mama."

Niliitoa. Akairudisha. Niliitoa tena nikaificha chini ya kitanda, akaitafuta mpaka akaipata. Kanyumba kenyewe kana kabati la mlango mmoja, na huyu anataka twende na suti. Nilipandwa na hasira hata chai yake nikaisahau motoni.

Wifi alipoleta mzigo wa kuni, nilimpokea kwa malalamiko. Nilimweleza habari za suti nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Aliweka kuni chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Wifi, jana amenionyesha mahali."

"Mahali gani tena? Mfereji si alishakuonyesha?"

"Pale kando ya baba. Amesema nisikubali wachimbe upande wa mfereji, maji yataingia."

Baba yao naye aliteremshwa Voi msimu wa baridi, kutibiwa kifua. Alirudishwa kwenye jeneza. Nilikuwa naijua habari hiyo miaka yote, na haikunijia hata mara moja.

Nilimkasirikia mume wangu, na daktari, na baridi, na hofu yangu mwenyewe. Niliitoa suti kwenye begi, nikaenda nayo jikoni, nikapanda kigoda mbele ya macho yake, nikaitundika juu ya moto katikati ya mahindi.

"Unafanya nini? Itanuka moshi!"

"Inuke. Itakaa hapa na mbegu zako. Oktoba utakuja kuzishusha kwa mikono yako, na suti uishushe. Sikupeleki Voi na nguo ya kuzikiwa, umenisikia? Sikupeleki!"

Nilibaki nimesimama juu ya kigoda, nikilia kama mtoto, na wifi mlangoni akitazama kuni zake.

Mume wangu aliinua uso akaitazama suti.

"Isogeze kidogo," alisema. "Hapo itaungua."

Nikaisogeza. Akainuka, akanipa mkono nishuke, akauliza kama lile shati lake la buluu la mikono mifupi bado lina vifungo.