Mba Kwenye Ungo wa Mchele

Siku ile nilitapika mara mbili, na wala sikuwa na mimba.

Ilikuwa mwaka 1996, Lipangalala, pale pale Ifakara. Nina miezi minne tu tangu Deogratias anioe na kunileta kwa mama yake. Nimekaa barazani napepeta mchele, mbwa wa mama mkwe akaja, akaegemea ukuta, akaanza kujikuna.

Kru, kru, kru.

Unga mweupe ukamruka mgongoni ukatua kwenye ungo wangu. Mba, jamani. Mba wa mbwa, juu ya mchele wa kula!

Ungo wote nikawamwagia kuku. Ndipo nikatapika, kisha nikatapika tena.

Mbwa mwenyewe aliitwa Waseme. Nilipofika hapo alikuwa na manyoya, ila ananuka tope na panya. Mimi nimekulia kambi ya kiwanda cha sukari, kwetu mbwa hakanyagi barazani. Nikawa namsugua kwa dodoki na sabuni, lakini wapi! Ngozi ikakauka, ikapasuka, akabaki na mabaka mekundu anayalamba mchana kutwa. Ule mlio wa kulamba tu ulinitoa hamu ya ugali.

Na mama sasa!

Kila jioni anamkalisha Waseme, anachota mafuta ya nazi kwenye kopo, anampaka. Halafu kwa vidole vile vile anachota tena, anajipaka miguuni. Kopo moja!

"Yunis, njoo nikupake na wewe, mwanangu."

"Asante mama, nimeshapaka."

Muongo mkubwa. Mate yamenijaa mdomoni. Akiingia ndani kusali, namburuta mbwa nyuma ya choo namwosha yale mafuta yote.

Kisha vidole vyangu vikaanza kuwasha. Vikakauka, vikapasuka, vikatoa mba.

Ameniambukiza! Nilijiona nanuka mbwa hata kanisani.

Nikaenda kimya kimya kwa Mzee Limbu, bwana mifugo.

"Shikamoo, mzee. Tuna mbwa anaoza. Njoo na bunduki."

Nilijua vizuri kuwa mpunga ukichanua, mama hulala dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, peke yake na huyo mbwa, nguruwe pori wakizunguka chini. Nilijua, na bado nikaenda.

Jumamosi Mzee Limbu akafika na baiskeli, bunduki imefungwa kwa mpira. Mama akamwona, uso ukamng'aa.

"Yunis! Umemletea Waseme daktari? Mungu akubariki, mwanangu. Nami nilidhani unamchukia."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Limbu akanitazama. Akaiacha bunduki kwenye baiskeli, akachuchumaa, akamkagua mbwa kuanzia masikio mpaka mkia.

"Huyu hana ukurutu wala kupe. Anaogeshwa na nini?"

"Sabuni ya unga na magadi," nikajibu kwa maringo. "Asubuhi na jioni."

Mzee Limbu akavitazama vidole vyangu.

"Hebu lete mkono."

Akauweka kando ya mgongo wa Waseme. Nyufa zile zile, mba ule ule.

"Umemchubua yeye, umejichubua na wewe. Acha sabuni. Mwosheni kwa maji matupu, tena mara moja moja, kisha apakwe hayo mafuta ya mama."

"Na hiyo bunduki, baba?" mama akauliza.

Nikaficha mikono nyuma.

"Ya nguruwe, mama," akajibu, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Mama aliitazama ile baiskeli mpaka ikapotea. Kisha akanitazama mimi. Akachota mafuta, akampaka Waseme mgongo mzima. Akanigeukia na vidole vile vile, vina manyoya mawili matatu.

"Lete mikono, mwanangu."

Nikampa. Kichefuchefu kilinipanda, lakini safari hii nilijionea kinyaa mwenyewe.

Msimu ule Waseme alipanda na mama dunguni, manyoya yamerudi.

Ndugu zangu, ukikuta kitu kinakutia kinyaa kwa watu, kabla hujaita bunduki, kagua kwanza mikono yako.