Kitambaa Kisichoungua

Bibi aliyenilisha mkate wa kumimina tangu ujana wangu amefariki, na tumemzika Pongwe Jumanne iliyopita baada ya sala ya adhuhuri. Habari ilinifikia nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na nakiri mbele yenu, wasomaji wangu, kwamba jambo la kwanza lililonijia ni swali la aibu: je, binti yake ataupatia mkate kama yeye? Ndivyo nilivyo. Nyinyi mnaonisoma kila Jumapili mkadhani nina busara, leo mtanifahamu vizuri zaidi. Marehemu alinifahamu tangu miaka ya hamsini, wala hakuwahi kudhani hivyo hata siku moja.

Siku hizo nilikuwa karani wa stoo katika karakana moja ya injini za moshi hapa Tanga. Karani! Kaptura nyeupe iliyotiwa wanga hadi inasimama yenyewe, soksi mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Mafundi wa boila walichanganya unga wa asbesto na maji kwenye karai kama wanaosonga ugali, wakaupaka kwenye boila na mabomba ili joto lisipotee, na ule wa zamani wakaubomoa kwa nyundo. Vumbi lilijaa humo ndani, watu wakatoka weupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, wakicheka na kukung'utana migongo. Mimi nilisimama mlangoni, leso puani, nikiwaita waje kutia saini. Msije mkadhani nilijua kitu. Niliogopa kaptura kuchafuka. "Karani, ingia bwana, ni unga tu huu!" walinitania, nami nikajiona bwana mkubwa.

Marehemu, wakati huo msichana, alipika mikate yake karibu na lango letu. Mnaujua mkate wa kumimina: unga wa mchele, tui, iliki, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kile kifuniko ndicho kilichomuunguza vidole. Nami niliyempenda na kukosa ulimi wa kumwambia, nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikachukua kipande kilichobaki cha kitambaa cha asbesto, kile walichofungia mabomba, nikakikunja kwenye karatasi kama hariri, nikampelekea. Akakifungua, akanitazama. "Karani, wenzio waleta kanga, wewe waniletea dekio?" Nikamwambia angoje kidogo. Nikakitupa katikati ya makaa mbele ya wateja wote, nikakitoa kwa koleo kikiwa cheupe kuliko kaptura yangu. "Lo! Hakiungui!" Watu wakapiga makofi, nami nikainama kama mfanya mazingaombwe. Nikamfundisha na usafi wake: kikichafuka kitie motoni, kikipoa kipige mara tatu kwenye mwimo wa mlango majivu yatoke. Hilo la mara tatu nililitunga papo hapo ili nionekane mtaalamu.

Akaolewa na kijana wa Pongwe aliyempelekea kanga. Mimi nikabaki mteja. Kila nilipokwenda kununua mkate nilisikia pa, pa, pa mlangoni, naye akiniona alicheka: "Dekio lako lingali hai, karani!" Wallahi nilifurahi. Kitambaa kikizeeka upande mmoja alikikunja upande wa pili, akakishona, akaendelea nacho. Mtu mzima mwenye mke na watoto, nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kwa sababu ya kitambaa cha kushikia kifuniko.

Wiki tatu kabla ya mauti yake nilikwenda kumjulia hali. Alisema maneno mawili matatu, akavuta pumzi, akaendelea. Binti yake, anayeendeleza kazi ya mikate, aliniamkia shikamoo, akasimama mlangoni kutusikiliza. Hospitalini walikuwa wamemtoa maji ubavuni, wakamwambia ana saratani ya utando unaofunika mapafu, iitwayo mesothelioma. "Daktari akaniuliza, bibi, umewahi kufanya kazi na asbesto? Nikamwambia, mwanangu, mimi nimeshika mwiko tu." Akacheka, kikohozi kikamkatisha. Na mimi ndiye niliyeandika hapa hapa gazetini, kwa mbwembwe, kwamba vumbi la asbesto ni vinyuzi visivyoonekana, vikiingia kifuani havitoki, na ugonjwa waweza kujitokeza baada ya miaka thelathini au arobaini, hata kwa mke aliyefua tu nguo za mumewe. Mliniandikia barua za pongezi, nikazihifadhi, wala kitambaa changu hakikunijia akilini. Siku ile nilipotakiwa kusema sentensi moja tu, nilimuuliza kama amekunywa uji.

Njiani nilijitetea kama wakili. Hakuna daktari awezaye kuapa kwamba ni kitambaa kile. Nikasema nitamweleza Ijumaa, Ijumaa ikapita, nikasema akipata nafuu. Nikawakumbuka mafundi wa boila, waliokwisha mmoja mmoja kwa vifua. Tulisema ni kifua kikuu, tukasema tumbaku, na kwa yule wa Maramba watu walisema karogwa, mpaka ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana. Vumbi halikushukiwa na mtu, maana sote tulilizoea. Nami niliyesalimika nilisalimishwa na maringo ya kaptura, si akili.

Siku ya maziko nilikaa na wanaume barazani, Kurani inasomwa, na uani wanawake wanawapikia wageni. Nikasikia: pa, pa, pa. Nikainuka. Mwanaume kuingia kwenye jiko la msibani! "Babu huyo aenda wapi?" "Njaa imemshika, maskini!" Nilimkuta binti kwenye mwimo wa mlango, nikamnyang'anya kitambaa mkononi, nikakitosa kwenye ndoo ya maji kisirushe vumbi, kisha kikiwa chapachapa nikakifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Wakadhani akili zimeniruka. Nikawaeleza yote, mbele ya masufuria, kuanzia kaptura mpaka zile mara tatu za kubuni. Hakuna aliyecheka. Binti akaniuliza taratibu, "Baba, siku ile mama alipokusimulia alivyoulizwa na daktari, ulijua?" Nikasema nilijua. "Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni," akasema. "Nilikuwa nimekishika."

Kwa yale ya miaka ya hamsini nitaomba radhi ya ujinga, na labda nitapewa. Kwa zile wiki tatu sina la kuomba. Binti nitampeleka mwenyewe kwa daktari, na safari hii daktari akiuliza, nitajibu mimi. Nawe msomaji mwenye paa kuukuu la asbesto, au kipande ulichorithi jikoni, usikipige, usikivunje, usikifagie kikavu. Kilowanishe, ukiache, uwaite wanaojua. Na ukienda kumtazama mgonjwa nawe una neno linalomhusu, mwambie. Habari za uji zitangoja.